Betri Mbili za Mama Bahati

Wiki iliyopita nilimsaidia mama yangu kupanga vitu vya marehemu Baba katika nyumba ileile ya Ntinda, Kampala, nilikokulia. Tulipofungua mlango wa chini wa kabati lake, harufu ilinishika kooni kabla sijaona kilichokuwemo. Ilikuwa harufu kali, yenye uchungu wa chuma na chumvi. Wenzangu wa rika langu mnaijua: ni harufu ya betri iliyosahauliwa ndani ya kitu kwa miaka mingi. Nilijua papo hapo ni kitu gani, nikarudi nyuma hatua moja, mtu mzima mimi, mwenye watoto na mvi zangu mbili tatu.

Siku zile betri tuliziita mawe. Waganda majirani zetu waliziita makaa, kwa lugha yao, na mimi niliona jina lao ndilo hasa, maana ndani zilikuwa nyeusi tititi na zikiisha zimeisha. Hata hivyo hatukuziacha zife kwa amani. Tulizianika juu ya bati saa za mchana. Tulizing'ata pembeni mpaka alama za meno zikabaki, na ulimi ukawa na ladha ya sarafu siku nzima. Zikishakataa kabisa tulizipasua kwa jiwe, tukachomoa kile kijiti cheusi cha katikati na kuandikia kuta za watu. Nilichapwa kwa ajili ya kijiti hicho mara mbili, na mara zote mbili nilistahili, kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa wa kanisa.

Baba alikuwa Mkenya. Aliingia Kampala baada ya vita, kazi zilipoanza kupatikana tena, akapata udereva kwa familia moja ya wageni waliokaa kule juu Naguru. Wageni hao walipofunga virago kurudi kwao walimwachia sanduku la karatasi lenye vitu ambavyo hawakuona haja ya kuvisafirisha. Ndani yake mlikuwa na chaja, betri ndogo nne za kuchaji, na mbwa wa plastiki mwenye manyoya mgongoni, ambaye ukimtia betri mbili alitembea, akasimama, akabweka mara tatu, akatembea tena. Mbwa nilipewa mimi. Nilimwita Sajini, kwa vile alitembea na kifua mbele kama askari wa kambi ya polisi tuliowaona wakishuka mlima wa Naguru Jumapili.

Baba alikuwa na tabia ya kufundisha hata asipoulizwa. Jioni ile alitandika gazeti mezani, akapasua betri moja kuukuu kwa koleo, akaiweka karibu na moja ya zile mpya.

"Hii ya kutupa inajila yenyewe," alisema. "Unaona hiki kikopo? Hii ni zinki, ndiyo chakula yake. Inakula pole pole, inatoa umeme, mpaka kikopo kinatoboka. Chenye imekula hakirudi. Ndiyo maana ukiitia kwa chaja inachemka bure, inavuja, hata inaweza kupasuka."

"Na hii?"

"Hii ni ingine. Chenye kinabadilika ndani yake ikifanya kazi, umeme wa ukuta unakirudisha vile kilikuwa. Inaisha, unaijaza. Inaisha, unaijaza. Mara mamia. Lakini ukiiweka tu bila kazi, siku zikipita inapungua yenyewe, kwa hivyo ijaze karibu na siku ya kuitumia."

Kisha akasema jambo ambalo nimelikumbuka neno kwa neno kuliko sala yoyote niliyofundishwa.

"Ina tabia moja. Ile ya kutupa ikichoka utajua. Sauti inashuka, tochi inakuwa nyekundu, inakuonya mapema. Hii haikuonyi. Sauti ni ileile, nguvu ni ileile, halafu mara moja imezima."

Mtoto husikia anachotaka. Mimi niliyachukua maneno hayo kuwa sifa. Nikaelewa kwamba betri hizi ni mashujaa, hazichoki ovyo kama yale mawe yetu ya dukani, na maadamu sauti ni kubwa basi tumbo limejaa. Nilijiona nimekuwa fundi.

Betri hizo Baba hakuzitaka kwa ajili ya nyumba yetu. Nyuma yetu, katika vyumba vya kupanga vya mlango mmoja mmoja, kulikuwa na mwanamke aliyetoka Bukavu, tukimwita Mama Bahati. Alitembeza vitenge, ameviweka begani kwa mikunjo, kutoka Ntinda mpaka Luzira karibu na bandari, kisha akarudi kwa miguu na vumbi lote hilo. Alikuwa na miguu mikubwa na kicheko kikubwa zaidi, na aliniita mutoto yake tangu siku ya kwanza. Bahati mwenyewe hakuwepo. Walipokuwa wakikimbia vita kwao, barabarani kwenye msongamano wa watu, mkono wa mtoto ulimtoka. Alikuwa na miaka mitatu wakati huo, na mingine mitatu ilikuwa imepita. Kila alipotusimulia, alifunga na kufungua ngumi ya kushoto, bila kujua kwamba anaifunga.

Chumba chake hakikuwa na umeme. Alikuwa na redio moja ndogo, na redio hiyo ilikuwa na kazi moja ya maana. Kila Jumamosi saa kumi alasiri kulikuwa na kipindi cha kusoma majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao na sasa wako kwenye vituo. Msomaji alisoma polepole: jina la mtoto, umri, jina la mama yake kama mtoto anavyolikumbuka, mahali walipoachana, na mwisho kituo alipo. Jina lilisomwa mara moja tu, kwa sababu majina yalikuwa mengi. Wiki nzima Mama Bahati alikuwa akizibania betri zake za dukani kama mgonjwa, redio kaizima, betri kazilaza karibu na jiko lake la sigiri zipate joto, ili tu Jumamosi zimfikishe saa kumi na moja.

Baba aliliona hilo, akapanga utaratibu wetu. Betri mbili zifanye kazi kwa Mama Bahati, mbili ziwe nyumbani. Ijumaa jioni anazitia kwenye chaja ile ya polepole, zinakesha humo mpaka asubuhi, na Jumamosi baada ya chakula mimi nampelekea zilizojaa na kurudi na zilizokwisha. Kazi ya kuzipeleka ilikuwa yangu, na niliionea fahari. Mama Bahati hakubania tena. Alisikiliza taarifa ya habari, alisikiliza nyimbo za kwao, na betri zikimzimikia Ijumaa hakujali, kwa sababu kesho mimi nitakuja.

"Mutoto yangu ananiletea moto," aliwaambia majirani zake. "Mimi sasa niko mutu wa stima." Stima ni umeme; neno hilo alilichukua kwa Baba.

Tatizo lilikuwa Sajini. Baba alikuwa amekataza kabisa mbwa asiwekewe betri za kuchaji. Yeye aliwekewa masalio, yale mawe yaliyokwisha kufanya kazi kwenye tochi, na kwa masalio Sajini alikuwa mzee wa kuhurumiwa: anavuta mguu, anabweka kwa sauti ya mtu mwenye mafua, anaanguka. Watoto wa uani walikuwa wamenicheka. Jumamosi ile Baba alikuwa kwenye kazi yake mpya ya udereva, Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na zile betri mbili zilikuwa mezani, zimejaa, bado zina joto la chaja. Nilizigusa shavuni. Nikasema nitamwonyesha kila mtu dakika tano.

Jamani, yule mbwa alitembea! Alivuka veranda yote ya saruji kifua mbele, akabweka mpaka mbwa wa kweli wa jirani akajibu. Watoto walijaa. Niliwapanga mstari, nikawa ninatoa ruhusa kama mkubwa wa kituo, huyu amshike, yule asubiri. Tulimshusha kwenye udongo mwekundu, tukamjengea vilima akavipanda. Dakika tano zikawa asubuhi nzima. Kila mara moyo uliponidunda nilimtazama Sajini nikaona hajapungua hata kidogo, mwendo ni uleule, sauti ni ileile. Nikajiambia: si Baba mwenyewe alisema? Zimejaa bado. Mama aliporudi, betri zilikuwa mezani zimefutwa vizuri, na mimi nilikuwa ninaosha vyombo bila kuambiwa.

Baada ya chakula nilizipeleka. Mama Bahati alikuwa ameoga, amevaa kitenge chake kizuri, kile asichokiuza. Alikuwa ameketi mlangoni, redio mapajani.

"Karibu, mutoto yangu. Leo roho yangu haikai. Banasema leo batasoma batoto ba kule kwetu. Iko imejaa?"

"Imejaa yote, Mama Bahati."

"Aksanti sana."

Aliziweka, akafungua, na redio ikatoa sauti kubwa, safi. Nikashusha pumzi. Nilitaka kurudi kucheza lakini alinivuta nikakaa naye, bega kwa bega, nikasikia harufu ya sabuni na ya kitambaa kipya. Saa kumi ikafika. Msomaji akaanza. Majina yalikuwa mengi kweli. Kila jina Mama Bahati alilirudia kimyakimya kwa midomo, mtoto wa huyu, mtoto wa yule, kana kwamba akilikosea, mwenye jina hatapatikana. Kipindi kilikuwa kimekwenda zaidi ya nusu niliposikia sauti ile ya polepole ikisema:

"Bahati. Mvulana. Umri, miaka sita. Anasema mama yake anaitwa..."

Redio ikazima.

Haikufifia. Haikukwaruza. Ilizima tu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mama Bahati aliitikisa. Aliifungua, akazitoa betri, akazisugua kwenye kitenge chake kizuri, akaing'ata moja kwa nguvu, akazirudisha. Kimya. Alijaribu zile za zamani zilizozimika Ijumaa. Kimya. Alizirudia zile za kwanza, akazifunga ngumini, akazipulizia pumzi yake, na midomo yake wakati huo wote ilikuwa ikisema, "Yesu, Yesu, Yesu." Alipozirudisha mara ya tatu redio iliamka ghafla, kwa sauti kubwa ileile: "...kwenye kituo hichohicho. Kwa leo majina yetu yameishia hapo." Kisha ikafa moja kwa moja.

Nilianza kulia. Yeye hakulia. Alinigeukia, akanifuta uso kwa kiganja chake kikavu.

"Usilie, mutoto yangu. Weye haukukosa kintu. Ni hii betri ilinidanganya."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa mdomoni. Nimekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, bafuni, kwenye gari, kanisani wakati wa maungamo ya kimoyomoyo. Lakini siku ile, mbele ya uso ule, nililia kwa sauti zaidi ili nisiulizwe.

Jioni Baba alisimuliwa. Alisikiliza amesimama, kofia ya kazi mkononi. Aliziomba zile betri mbili, akazipima uzito kiganjani kana kwamba zingemwambia kitu. Tuliporudi ndani alimtazama Sajini juu ya kabati. Miguu ya Sajini ilikuwa myekundu kwa udongo. Sikuwa nimekumbuka miguu.

"Sajini amecheza leo?"

"Hapana, Baba."

Baba hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Alisema, "Sawa," akaenda moja kwa moja kwa Mama Bahati, nami nikamfuata hadi konani nikajificha. Nilimsikia akisema, "Mama Bahati, hiyo ni makosa yangu. Nilizitoa kwa chaja mapema, hazikuwa zimejaa. Naomba unisamehe. Hizo betri nimezitupa." Baba yangu, aliyekuwa akizihesabia saa zake za kuchaji kama dawa ya hospitali. Na Mama Bahati akajibu, "Haina neno, Baba. Weye ulitaka kunisaidia." Lakini tangu siku hiyo alirudia betri zake za dukani, zile zinazoonya. Hakutaka tena moto wangu.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kanisa, niliona kifuniko cha betri tumboni mwa Sajini kimefungwa kwa skrubu. Baba alikuwa akinywa chai. Hakuniangalia.

"Siku ukitaka nikufungulie, kuja uniambie," alisema. "Nitakufungulia siku hiyo hiyo."

Nilidhani ni adhabu. Nilidhani amenifungia mbwa kwa sababu ya udongo miguuni, na kwamba kumwomba afungue ni kujipeleka kuchapwa. Nilimwacha Sajini juu ya kabati. Hata kumgusa sikumgusa tena.

Jumatatu Baba aliomba ruhusa kazini akampeleka Mama Bahati mjini, kwenye ofisi ya wanaotafutia watu ndugu zao. Waliambiwa Bahati ni wengi, na orodha hutoka vituo vingi, hivyo wasubiri. Wakaenda tena wiki ile, wakaenda na iliyofuata. Jibu lilipopatikana, siku kumi na nne zilikuwa zimepita. Bahati mwenye miaka sita, mwenye kovu la maji ya moto nyuma ya sikio, alikuwa kwenye kituo karibu na mpaka wa magharibi. Mama Bahati aliposikia habari ya kovu alipiga kelele moja tu, kisha akafunga vitenge vyake vyote katika shuka, akapanda lori jioni hiyohiyo. Aliniachia redio. Alisema Bahati atakuwa ameshapata sauti kubwa, naye mwenyewe redio hataihitaji tena.

Mfanyabiashara mmoja wa vitenge ndiye aliyetuletea salamu zake, mwezi mmoja baadaye. Tulikuwa mezani. Alisema Mama Bahati alifika akakuta watoto wa kituo kile wamehamishwa, wamevushwa kurudi upande wa Kongo, na kwa vile kule vita vilikuwa vimeanza upya hakuna aliyejua wamepelekwa wapi. Alikuwa amewakosa kwa siku tatu. Naye akavuka kuwafuata. Mama yangu aliweka kijiko chini. Baba aliendelea kutazama sahani yake, na mimi nilihesabu vidole vyangu chini ya meza: siku kumi na nne, ukitoa tatu. Kama angelisikia jina la kituo Jumamosi ile, angekuwa ameshafika na kurudi, na Bahati angekuwa nyuma yetu hapo uani, akicheza na Sajini.

Hatukumsikia tena. Nimeuliza. Nilipokua na kupata kazi niliuliza Wakongo wa Kampala, kanisani kwao na sokoni, mwanamke wa Bukavu mwenye miguu mikubwa na kicheko. Wanawake kama hao ni wengi, waliniambia. Na Bahati ni wengi.

Baba alizeeka. Tulizungumza mengi, siasa, gari, wajukuu, na sauti yangu kwake ilikuwa ileile siku zote, nguvu ni ileile. Katika miaka yake ya mwisho nilipomtembelea alikuwa na mazoea ya kuniuliza ninapoaga, "Hakuna kitu ingine?" Nami nilijibu, "Hakuna, Baba." Nilidhani ni mazoea ya uzee.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilimtoa Sajini kabatini. Manyoya yake yalikuwa yamekatika, na tumbo lilikuwa zito kuliko nilivyolikumbuka. Nilichukua bisibisi ya Baba kwenye kisanduku chake nikaifungua skrubu, ambayo ilinisumbua kwa kutu. Ndani zilikuwamo betri mbili za kuchaji, zile alizosema amezitupa, zimetoka unga mweupe pande zote. Moja ilikuwa na alama za meno.

Mama alikuwa kitandani akikunja mashati. Nilisimama mbele yake na mbwa wazi mikononi.

"Mama," nikasema, "zile betri za Mama Bahati, ni mimi. Nilimchezea Sajini asubuhi nzima."

Mama hakushtuka. Alimaliza kukunja shati, akalilainisha kola, akaliweka juu ya mengine.

"Baba yako alisema utakuja kusema," aliniambia. "Ila alidhani utakuja mapema kidogo."